Ndege wa Faustino

Wendell alitaka kibao cha kaburi kiandikwe hivi: Faustino Agcaoili, Mfanyakazi wa Kiwanda cha Mananasi, Mume na Baba. Noreen, mdogo wake, alitaka neno moja liongezwe, Mwanamuziki. Kwa sababu ya neno hilo moja kaka na dada hawakusemezana wiki nzima, na nyumba zao huko Kalihi, visiwani, zilikuwa zimetenganishwa na ukuta mfupi tu ambao hata paka aliuvuka bila kuruka.

"Kaburini hakuandikwi uongo," Wendell alisema siku waliyogombana, amesimama jikoni kwa mama yao akiwa bado na funguo za gari mkononi. "Baba alikuwa analia kama ndege, Noreen. Amevaa sketi ya majani, mbele ya watalii walevi wa kutoka bara, ng'ambo ya bahari. Huo ni muziki?"

"Bendi nzima ilikuwa inalipwa kwa kazi hiyo."

"Wali wetu ulitoka kiwandani."

"Na viatu vyako vya shule vilitoka hotelini. Muulize Mama."

Mama yao, Rosalina, alikuwa anachambua maharage mezani. Hakuinua kichwa. "Msinitie mimi humo," alisema. "Mimi nataka kibao kiwe tayari siku ya kuvua nguo nyeusi. Mkiandika jina lake peke yake, nitashukuru vilevile."

Siku hiyo ilikuwa inakuja. Mwaka wa msiba ulikuwa unaelekea ukingoni, na ofisi ya makaburi ya Nuuanu ilikuwa imekwisha kupiga simu kuulizia maneno.

"Nionyeshe," Wendell alisema, akielekea mlangoni kutafuta ndala zake kwenye rundo. "Nionyeshe wimbo mmoja ambao Baba yumo. Mmoja tu. Nitaandika mwanamuziki kwa herufi kubwa kuliko jina."

Hapo ndipo alipomshika Noreen, maana wimbo huo haukuwepo.

Ukweli wa mambo ni huu. Zamani, kabla ya majengo marefu kujaa ufukweni Waikiki, Faustino alikuwa anatoka zamu kiwandani, anaoga mara mbili ili harufu ya nanasi imtoke, kisha anapanda basi kwenda kupiga ngoma katika baa ya hoteli moja. Palikuwa na piano, palikuwa na vibrafoni, ile marimba ya chuma yenye umeme, na palikuwa na kidimbwi chenye vyura. Vyura walikuwa wanalia muziki ukianza na kunyamaza muziki ukikoma, na bendi ikaona isiachiwe wanyama peke yao. Kila mwanamuziki akatunga ndege wake. Watalii wakapagawa. Watu wa bara wakauita muziki ule eksotika, wakaununua kwa fujo, wakaupiga sebuleni kwao kwenye theluji huku wamevaa mashati ya maua, wakijiona wako kisiwa fulani ambacho hakipo popote duniani.

Katika bendi ile ndege alikuwa mali ya mtu. Mpiga besi alikuwa na wake, mpiga piano wake. Hukugusa ndege wa mwenzio, hata mwenzio akiwa mgonjwa. Usiku huo ndege yule hakusikika, basi. Ndege wa Faustino alianzia chini kooni kama mlango wenye kutu, akapanda, akapanda, akakatika mara mbili, kisha akamalizia na mlio mrefu mwembamba ambao ulifanya wanawake wa baa washike shingo zao. Hakuna ndege wa namna hiyo msituni. Alimtunga mwenyewe njiani, ndani ya basi, na abiria wengine walimzoea.

Watoto wake walimjua ndege yule kuliko watalii. Jioni ambazo hakuwa na kazi hotelini, baba wengine wa mtaa walipiga mluzi kuita watoto wao, mama wengine walipaza sauti. Faustino alisimama kwenye ngazi ya nyumba akamtoa ndege wake. Watoto wa Agcaoili waliacha mpira hapohapo, hata kama walikuwa wanashinda, wakakimbia. Wa mwisho kufika aliosha masufuria.

Kisha kiongozi wa bendi, mzungu mmoja wa bara, akarekodi santuri. Faustino alikuwa humo, alisema, katika wimbo wa mwisho wa upande wa pili. Jalada halikutaja jina la mtu isipokuwa la kiongozi. Mbele palikuwa na mwanamke aliyechungulia kati ya mianzi, ambaye hakuna mtu wa bendi aliyewahi kumwona. Faustino hakujali jalada. Aliuziwa kabati la santuri na familia ya mwanajeshi iliyokuwa inarudi kwao, kabati zuri la mbao lenye mashine katikati na spika kila upande, akaalika mtaa mzima, akaweka sahani ya santuri, akasogeza sindano mpaka wimbo wa mwisho.

Ngoma zilisikika. Vibrafoni ilisikika vizuri. Ndege hakuwepo.

Akaurudia. Watu wakatazama sahani zao za chakula. Noreen alikuwa mdogo, ameketi sakafuni karibu na miguu ya baba yake, na aliona vidole vya miguu ile vikijikunja ndani ya soksi. Faustino akafunika kabati. "Wameniondoa," alisema kwa Kiilokano, lugha ya kwao, taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Ndiyo maana waliniweka mlangoni." Maana siku ya kurekodi ngoma alipewa mtu mwingine, bendi yote ikakaa pamoja, yeye akapelekwa kando karibu na mlango na maikrofoni yake peke yake, alie ndege tu.

Hakuizungumzia tena. Hoteli ilipobadilisha bendi alibaki na kiwanda, na kiwanda kilipofungwa alibaki na kuku wake. Wendell alikua akiamini kwamba baba yake hakuwahi kurekodi kitu, alijigamba tu. Noreen alikua akiamini kwamba ipo santuri nyingine mahali fulani, ya awali au ya baadaye, ambamo hawakumwondoa. Hakuwa na ushahidi, ila alimjua baba yake. Mtu aliyerudisha chenji ya ziada dukani kwa miguu, mvua inanyesha, asingeongopa juu ya ndege.

Basi baada ya ugomvi ule jikoni akaanza kutafuta. Noreen alikuwa msimamizi wa jiko la shule, mama wa watoto watatu waliokwisha kuhama, mwanamke wa kupima mchele na kufunga mlango kwa wakati. Hakujua lolote kuhusu kukusanya santuri. Alikwenda gulio la uwanja wa mpira Jumamosi asubuhi na kununua kila kitu chenye volkano kwenye jalada.

"Anti, samahani," ilisema sauti nyuma yake. "Unafungua baa?"

Alikuwa mzee mwembamba wa Kijapani wa hapahapa visiwani, kofia ya majani kichwani, mikono nyuma kama mtu anayekagua jeshi. Jina lake Glenn Shimabuku. Alikuwa daktari wa meno kabla ya kustaafu, na bado alitazama midomo ya watu walipozungumza.

"Natafuta baba yangu," Noreen alisema, kwa sababu alikuwa amechoka na jua.

Glenn hakucheka. Alichukua santuri za juu mikononi mwake akazitazama moja moja. "Hii imerekodiwa bara, mtu hajawahi kuona mnazi. Hii pia. Hii ndani yake kuna nyimbo za Krismasi, ona, sahani si ya jalada hili. Dada, unanunua picha. Wote wanaanza hivyo. Wananunua mwanamke wa kwenye mianzi."

"Sasa nianzie wapi?"

"Usianzie hapa. Hapa vinafika vilivyokataliwa. Anzia kwa watu waliokuwa wanacheza muziki huu. Nenda kwenye gereji za waliokufa."

Alisema hivyo bila kupunguza sauti, na Noreen akampenda kwa sababu hiyo.

Jumamosi zilizofuata walikwenda pamoja katika gari la Glenn lenye harufu ya karafuu ya dawa ya meno. Manoa, Kaimuki, Aina Haina. Kila mahali ilikuwa nyumba ya mtu aliyezikwa karibuni, mlango wa gereji umefunguliwa, watoto wake wa makamo wameketi kwenye viti vya kukunja wakitazama wageni wakishika vyombo vya mama yao. Noreen alijua namna ya kuingia mahali kama hapo. Alianza na pole, akauliza jina la marehemu, ndipo akapiga magoti mbele ya maboksi. Majalada yalikuwa na duara za glasi za pombe. Mengi yalikuwa na majina yameandikwa pembeni kwa kalamu, kwa kuwa wakati ule mtu alibeba santuri zake kwenda kwenye sherehe ya jirani na alitaka kurudi nazo.

"Wakusanyaji wengine hawataki yenye majina," Glenn alisema. "Mimi nataka hayo tu. Ujue alikuwa nani."

Katika nyumba moja ya Manoa binti wa marehemu alimwambia Noreen achukue boksi lote. "Mama alikuwa anacheza peke yake jikoni," alisema, kisha akaingia ndani na hakutoka tena mpaka walipoondoka. Noreen alilibeba boksi lile kwa mikono miwili mpaka kwenye gari na hakumruhusu Glenn amsaidie.

Kila jioni alikwenda kwa Rosalina, akafungua kabati la baba yake, akasikiliza. Ndege wa kila namna walilia, na vyura, na nyani. Hakuna aliyeanzia kooni kama mlango wenye kutu. Mama yake alikuwa anapita na nguo za kukunja. "Huyu?" alikuwa anauliza Noreen. "Huyo kasuku," Rosalina alikuwa anajibu. "Huyo hata hajala."

Mwishowe ofisi ya makaburi ikapiga simu mara ya pili. Wakati wa kuyeyusha shaba ya kibao ulikuwa umefika. Noreen akaweka santuri zote kwenye gari akazipeleka kwa Glenn, Kaimuki, azichukue, yeye ameshindwa.

Glenn alimkaribisha sebuleni, viatu nje. Ukuta mmoja ulikuwa santuri tupu. Noreen aliutazama ukuta ule, na jicho lake likaangukia mgongo wa jalada alilolijua tangu utotoni.

"Hiyo tunayo," alisema. "Ndiyo ile nilikuambia. Wamemtoa."

"Mlisikiliza kwenye nini?"

"Kabati la Baba."

"Na hizi zote nilizokutafutia?"

"Kabati hilohilo."

Glenn alivua miwani. "Spika zote mbili zinafanya kazi?"

"Linalia vizuri."

"Sikuuliza kama linalia, dada. Nimeuliza spika zote mbili."

Noreen alilifikiria lile kabati. Hakujua. Kabati lilikuwa linalia; nani anayepiga magoti kusikiliza kila upande?

"Mjinga mimi," Glenn alisema, na alikuwa amekasirika kweli. "Nakuburuta gereji zote hizi na sijakuuliza unasikiliza na nini. Mtu anaanzia na mashine! Tazama. Wakati ule stirio ilikuwa kitu kipya. Mtu kanunua mashine ya spika mbili, anataka kuonyesha wageni. Kwa hiyo mafundi waliwatenga watu. Vibrafoni huku, ngoma huku, ndege kule peke yao. Spika moja ikifa, waliowekwa upande ule wamekufa nao."

"Walimweka mlangoni," Noreen alisema.

"Nani?"

"Baba. Siku ya kurekodi. Walimweka peke yake karibu na mlango."

Glenn aliinuka. Alitoa sahani kwenye jalada, akaishika kwa kingo, akaifuta, akashusha sindano kwenye wimbo wa mwisho wa upande wa pili. Ngoma zikaanza, na Noreen alizijua kila pigo. Vibrafoni ikaingia. Alikuwa ameketi mikono mapajani kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Kisha upande wa kushoto, mbali, kama anayetokea uani, mlango wenye kutu ukafunguka.

Ndege alipanda. Akapanda. Akakatika mara mbili.

Noreen alifika nyumbani kwa mama yake na bisibisi. Alivuta kabati kutoka ukutani, akafungua skrubu za nyuma, akamulika na tochi. Spika ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto ilikuwa imeliwa na mende. Karatasi yake yote ilikuwa imebaki kingo tu, kama mkate uliotafunwa na mtoto, na kingo zenyewe zilikuwa ngumu na nyeusi kwa uzee. Chini ya mavumbi palikuwa na kikaratasi cha duka la kambini, cha zama za mwanajeshi yule, kimeandikwa kwamba spika ya kushoto haifanyi kazi. Kabati lilikuja hivyo. Siku ile mtaa mzima umekaa na sahani za chakula mapajani, ndege alikuwa humo ndani analia, na hapakuwa na kitu cha kumtoa.

Alikaa sakafuni pale karibu na tundu lile mpaka mama yake akaja kuuliza kama anataka kula au hataki.

Hakubishana na Wendell. Alipiga simu akasema, "Kesho uje Kaimuki usikilize kitu. Halafu andika unachotaka." Sauti yake lazima ilikuwa na jambo, kwa kuwa Wendell alikuja amenyoa.

Alikaa kwenye ukingo wa kochi la Glenn na kukunja mikono kifuani. Alikuwa mtu mkubwa, zimamoto mstaafu, na kochi lilimlalamikia. "Naijua hii," alisema ngoma zilipoanza. "Tuliisikia mpaka..."

Ndege akalia.

Wendell alisimama. Hakuamua kusimama, miguu ilisimama yenyewe, na mkono ukaenda mbele, na uso ukageuka kuelekea mlangoni ambako ndala zake zilikuwa. Alipiga hatua. Kisha akajikuta yupo katikati ya sebule ya mtu asiyemjua, mzee wa nywele nyeupe, anakimbilia wali.

Glenn alitazama dirishani. Wimbo ukaisha.

"Rudia," Wendell alisema.

Ukarudiwa. Safari hii alisikiliza amesimama, kiganja kimeziba mdomo.

"Alidhani wamemwondoa," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mpaka anakufa."

"Ndiyo, Wendell."

"Na mimi niliwaambia watu shuleni..." Hakumalizia. "Kulikuwa na mtoto mmoja alikuwa ananifuata akilia kama nyani. Kila siku. Nilimwambia yule si baba yangu, ni mtu anayekaa kwetu." Alivuta pumzi. "Anko Glenn, unaweza kutengeneza kabati?"

"Mimi ni meno tu," Glenn alisema. "Ila spika ya kipimo hicho ninayo."

Waliifunga Jumapili, Wendell ameshika tochi na Noreen ameshika bisibisi, wakigombezana juu ya waya upi uende wapi. Walimweka Rosalina katikati, kwenye kiti chake, sawa kabisa kutoka kila upande, kama Glenn alivyoagiza. Walimwangalia yeye, hawakuangalia kabati.

Ndege alipolia, mikono ya Rosalina iliacha kukunja taulo. Alisikiliza mpaka ule mlio mwembamba ukaisha wenyewe. Nje kuku walinyamaza. Taulo lilibaki mapajani limekunjwa nusu, na Noreen akaanza kuogopa kwamba wamefanya kosa.

"Nyumbani alikuwa anafanya vizuri zaidi," Rosalina alisema. Kisha akaziba uso na taulo.

Kesho yake Wendell mwenyewe alipiga simu Nuuanu, Noreen ameketi mbele yake. Alisoma maneno polepole, akitamka herufi za Agcaoili moja moja kama alivyofanya maisha yake yote. Akasema mwanamuziki kabla ya kusema mfanyakazi wa kiwanda. Kisha akasikiliza, akaziba simu kwa kiganja.

"Wanauliza kama tunataka picha pembeni. Kwa wanamuziki wana gitaa, wana ukulele, wana noti. Alipiga nini?"

"Waambie ndege."

Wendell aliwaambia. Alisikiliza tena. "Ndege wanaye mmoja tu," alisema. "Njiwa."

Noreen alitikisa kichwa.

"Hapana," Wendell aliiambia simu. "Si huyo. Njiwa hana sauti ile." Akafikiri kidogo. "Acheni nafasi yake. Hapo upande wa kushoto. Msiweke kitu."